Saa Nane ya Baa, Saa Tisa ya Mpira: Vurugu za Mashabiki Gusii Zinaanzia Wapi?

Serikali ya Kenya ilipozindua sera mpya ya taifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya mwishoni mwa Julai 2025, gumzo lilisafiri haraka kuliko sera yenyewe. Kuna waliosikia kwamba kijana wa miaka ishirini hawezi tena kuagiza bia, na kuna waliosikia kwamba baa zinafungwa. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, ikalazimika kueleza kuwa sera si sheria, na kwamba pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka 18 hadi 21 lilikuwa bado pendekezo. Siku chache baadaye mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN yakaanza. Mashabiki wasio na tiketi wakayavamia malango ya uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji wa uwanja ule hadi 27,000. Vinywani mwa watu habari hizi mbili zikashonwa zikawa nguo moja: mashabiki wetu ni walevi, ifungeni pombe na viwanja vitatulia.

Kisii na Nyamira zina sababu ya kulitazama suala hili kwa makini kuliko kwingine. Shabana FC, Tore Bobe, ilirejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje miaka 17, na imerudi na umati ambao klabu nyingi za Nairobi huutamani. Umati mkubwa ni mtaji, na ni hatari vilevile. Kila mawe yanaporushwa kwenye uwanja wowote wa Kenya, lawama ya kwanza humwangukia mlevi, kwa kuwa ndiye anayeonekana: anayumba, anatukana, ananuka. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mlevi yumo kweli katika kesi hii, ila kashtakiwa kwa kosa lisilo lake. Pombe haianzishi vurugu. Hukutana na dakika mbaya ya mchezo, na saa ya kukutana huko imepangwa na watu wasioonja hata tone.

Mji, uwanja na saa

Uwanja wa Gusii uko ndani ya mji wa Kisii. Ulikarabatiwa mwaka 2020 ili upokee sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, na ndio uliokuwa tayari Shabana ilipopanda daraja miaka mitatu baadaye. Kuwa mjini ni neema. Shabiki anayetoka Suneka, Keroka au Nyamira hushuka matatu na kutembea. Neema hiyohiyo ina upande wa pili, kwamba kati ya meza ya baa na lango la uwanja hakuna safari ya kumtuliza mtu wala ya kumpunguzia alichokunywa. Viwanja vilivyo nje ya miji humlazimisha mlevi kuamua mapema kama anaenda mpirani au anabaki kwenye kiti. Mjini Kisii halazimiki kuamua. Anaweza kumaliza chupa wimbo wa timu ukiwa umeshaanza kusikika.

Sasa tazama saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho, iliziwekea baa saa za kuuza: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku siku za wikendi na sikukuu. Katiba ya mwaka huohuo, katika Jedwali la Nne, ikayakabidhi mamlaka ya leseni za pombe kwa kaunti. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa baa si Nairobi tena, ni Kisii na Nyamira, kila moja na wake. Mechi za wikendi kwa desturi huanza saa tisa alasiri. Piga hesabu. Baa inafunguliwa saa nane, mpira unaanza saa tisa, mapumziko ni karibu na saa kumi kasoro robo, na dakika ya themanini inaangukia takriban saa kumi na dakika arobaini. Aliyeanza kunywa mlango ulipofunguliwa, tumbo likiwa tupu, damu yake hufika kilele cha ulevi kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kila awamu ya kunywa. Akiongeza chupa mbili kabla ya kuingia na nyingine wakati wa mapumziko, kilele hicho kinamkuta kipindi cha pili kikielekea ukingoni.

Mechi ya katikati ya wiki ina ratiba iliyopinduka. Baa za halali hufunguliwa karibu na filimbi ya mwisho, kwa hiyo ulevi, ukiwapo, huja baada ya mchezo na kuwa tatizo la barabara za mji badala ya majukwaa. Bila shaka maduka yanayouza chupa za kubeba hufungua mapema kuliko baa, na chang'aa haijui saa. Hata hivyo tofauti ya siku hizi mbili inatosha kuonyesha kwamba kisemwacho kuwa tabia ya mashabiki, sehemu yake kubwa ni ratiba.

Gusii ya zamani iliijua kanuni hii bila kuiandika. Pombe ya wimbi ilinywewa kutoka chunguni kwa mirija mirefu, na mirija ilikuwa ya wazee, vijana wakikaa mbali. Unywaji ulikuwa na mpangilio wa nani, lini na wapi. Hakuna anayependekeza kurudisha mirija. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba jamii ile haikuuliza kama pombe ni nzuri au mbaya. Iliuliza nani anainywa, na siku hiyo ana kazi gani nyingine mbele yake.

Wanaotaka chupa ifungwe

Hoja ya marufuku isidharauliwe, maana ina ushahidi mzito. Mashuhuri zaidi ni wa Cleveland, Marekani, tarehe 4 Juni 1974, timu ya besiboli ya mji huo ilipouza bia kwa senti kumi ili kuvuta watazamaji. Walikuja zaidi ya 25,000. Mchezo uliisha kwa mashabiki kuvamia uwanja, wachezaji kujihami kwa magongo, na ushindi kukabidhiwa wageni kutoka Texas. Scotland, baada ya mashabiki wa Celtic na Rangers kupigana ndani ya uwanja wa Hampden katika fainali ya Mei 1980, ilipitisha sheria ya kuondoa pombe viwanjani mwaka huohuo. Uingereza na Wales zikafuata mwaka 1985: ni kosa kunywa pombe mahali unapouona uwanja wa soka mechi ikiendelea, kuibeba ndani ya basi la mashabiki, au kuingia ukiwa umelewa. Sheria hizo zimedumu miongo minne, na si rahisi kumshawishi polisi wa Glasgow kuwa hazikusaidia kitu.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaendana na kile tunachokijua kuhusu mwili. Kileo hulegeza breki na kufupisha subira, na kumfanya mtu aone tusi mahali palipo na utani. Wakenya wana msemo wao, pombe si chai, na hauhitaji daktari kuuthibitisha. Nguvu yake ya pili ni urahisi. Marufuku inaeleweka na kila mtu, inatekelezeka kwa kutazama chupa, na humpa chifu na mkuu wa kituo cha polisi kitu cha kushika mkononi.

Udhaifu wake huonekana ukiutazama ushahidi wake wenyewe kwa karibu. Cleveland hawakuvamia uwanja wakati wa bia ya kwanza wala ya tatu, ingawa usumbufu mdogomdogo ulikuwepo tangu mapema. Walivamia katika awamu ya tisa, ya mwisho, wenyeji wakiwa wametoka tu kusawazisha 5–5. Tena timu hizo zilikuwa zimepigana wiki moja kabla huko Texas, na mashabiki wa nyumbani walikuja na kinyongo tayari. Bia ya senti kumi ilikuwa petroli. Kiberiti kilikuwa kinyongo na dakika ile. Na ile sheria ya 1985 ya Uingereza ina shimo ambalo wengi hawalijui: inahusu soka, kriketi haimo. Kwenye kriketi ya kimataifa Waingereza hunywa tangu kabla ya adhuhuri hadi jioni, maelfu kwa maelfu, huku wakiimba na kuvaa mavazi ya vichekesho, na viwanja vyao haviwaki moto. Kama pombe ingekuwa chanzo, jukwaa la kriketi la Birmingham lingekuwa hatari kuliko lolote la soka nchini humo.

Kolkata: laki moja wakavu

Hapa ndipo kriketi, mchezo ambao vijiji vya Gusii haviujui sana, inapotufaa kuliko soka. Inatupa kinyume cha Birmingham: umati usiokunywa ulioharibu mojawapo ya mechi kubwa za msimu wake. Kuielewa hadithi hii kunahitaji somo dogo kuhusu mpangilio wa wapigaji. Katika kriketi wachezaji kumi na mmoja huingia kupiga mmoja baada ya mwingine, kwa orodha ambayo kila mtazamaji anaijua. Mabingwa huwa juu, na wanaojua kurusha tu huwa mkiani. Anayetolewa harudi. Kwa hiyo orodha hiyo ni ramani ya matumaini. Wa kwanza wanne wakishatoka, hata mtoto anajua kilichobaki kina uzito gani.

Katika Kombe la Dunia la 1996, Sri Lanka iliichezea ramani hiyo. Kwa kuwa kanuni ziliwazuia walinzi wengi kusimama mbali katika ova kumi na tano za kwanza, kila ova ikiwa mirusho sita, iliwaweka juu kabisa wapigaji wawili wa kushambulia bila kungoja, Sanath Jayasuriya na Romesh Kaluwitharana, badala ya wapigaji wa kujihami waliozoeleka. Timu ya Kenya ndiyo iliyoonja dawa hiyo kwa ukali wote. Mjini Kandy, tarehe 6 Machi 1996, Sri Lanka ilikusanya mikimbio 398 kwa wiketi 5, yaani wapigaji watano tu wakiwa wametolewa, rekodi ya dunia iliyokaa miaka kumi. Kenya ilijibu kwa 254, Steve Tikolo akipata 96, na ile ilikuwa Kenya iliyoiangusha West Indies wiki moja tu iliyopita mjini Pune. Wiki moja baadaye, 13 Machi, Sri Lanka ilikutana na India katika nusu fainali, uwanja wa Eden Gardens mjini Kolkata, mbele ya watu zaidi ya laki moja.

Nahodha wa India, Mohammad Azharuddin, alishinda kura ya sarafu akachagua wageni waanze kupiga. Alikuwa na sababu, kwani siku chache kabla, mjini Delhi, Sri Lanka ilikuwa imeishinda India kwa urahisi ikipiga ya pili. Mwanzoni uamuzi ulionekana wa dhahabu: Jayasuriya na Kaluwitharana walitoka mapema kabisa, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Lakini wa katikati, Aravinda de Silva akiongoza, waliijenga upya hadi 251. India ikafika 98 kwa wiketi moja, Sachin Tendulkar akiwa na 65. Alipotolewa, ardhi iliyokuwa imeanza kupasuka ikawa inaugeuza mpira kila upande, na India ikapoteza wiketi saba kwa mikimbio 22 tu. Katikati ya poromoko hilo, Javagal Srinath, ambaye kazi yake ni kurusha, alipandishwa kupiga mbele ya Ajay Jadeja. Akatolewa akiwa na 6. India ilipofika 120 kwa wiketi 8, chupa za maji zilikuwa zinaruka na sehemu za majukwaa zinawaka moto. Msimamizi wa mechi, Clive Lloyd, akaipa Sri Lanka ushindi.

Baa haikuwepo katika kisa hiki, na kwa kawaida viwanja vya kriketi vya India haviuzi pombe majukwaani. Kilichokuwepo ni umati uliopewa matumaini makubwa mapema, ukaona yanaisha kwa ghafla, ukaamini kuna mtu wa kulaumiwa, na bado ulikuwa na muda mrefu wa kukaa pale ukitazama. Vitu hivyo vinne ndivyo mapishi ya vurugu. Mpangilio wa wapigaji unahusika kwa sababu ndio unaouambia umati saa ambayo tumaini limekufa, na uamuzi wa kuubadilisha ndio unaompa mtu wa kumlaumu. Mpigaji akitolewa na mrushaji hodari, hiyo ni bahati. Mrushaji akipandishwa juu na akatolewa, hilo ni kosa la mtu fulani, na hasira hupenda kosa la mtu.

Msomaji atasema kriketi si kandanda na Kolkata si Kisii. Kweli, katika soka tumaini haliishi mapema hivyo, bao moja la dakika ya tisini hufuta yote. Lakini hilo linaikaza hoja badala ya kuilegeza. Katika soka matumaini yote hurundikana dakika za mwisho, na wa kulaumiwa ni wachache na wako karibu: refa aliyekataa penalti, kocha aliyemtoa mshambuliaji akaingiza beki timu ikiongoza kwa bao moja kisha bao likarudi, kipa mgeni anayelala chini mara ya tatu kupoteza muda. Kila mtu jukwaani anausoma ubao wa mabadiliko kama Mhindi alivyousoma mpangilio wa wapigaji. Kocha anajua dakika ya themanini ni ya hatari kwa timu yake, kwa hiyo huipangia. Msimamizi wa usalama naye angepaswa kuijua kwa upande wa majukwaa, lakini mipango mingi ya usalama humwaga askari langoni mechi inapoanza, kisha humwacha kila mmoja aelekeze macho kwenye mpira kama shabiki mwingine.

Lango na kisingizio

Kundi la tatu husema shida ni lango, si chupa. Lina wafu wengi upande wake. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards uwanjani Nyayo, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia. Accra, 9 Mei 2001, watu 126 walikufa baada ya polisi kuwarushia mabomu ya machozi mashabiki waliokuwa wakirusha viti. Na uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, 15 Aprili 1989, ambako walikufa 97, ndiko somo lenyewe lilikoandikwa kwa wino mchungu. Siku zilezile za msiba, polisi na baadhi ya magazeti walitangaza kuwa walevi wasio na tiketi ndio waliosababisha. Damu za marehemu zilipimwa kileo, watoto wakiwemo. Jaji Taylor, katika ripoti yake ya kwanza mwaka huohuo, aliikataa hadithi hiyo na kuweka lawama kubwa kwa usimamizi wa polisi, lakini ilichukua hadi Aprili 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kuwa mashabiki hawakuwa na kosa na kwamba waliuawa kinyume cha sheria.

Miaka 27 ya uongo ule inaeleza kwa nini neno "walevi" ni la kutiliwa shaka kila linapotoka kwanza mdomoni mwa anayesimamia lango. Ni maelezo yanayomfaa sana msemaji wake. Lango likiwa dogo, tiketi zikiuzwa dirisha moja dakika ishirini kabla ya mechi, foleni ya wanaume na ya familia ikiwa moja, basi msukumano utatokea hata kwa kwaya ya kanisa. Kasarani ya Agosti 2025 iliangushwa na watu wasio na tiketi na malango yaliyoshindwa. Hakuna aliyehitaji kuwapima pumzi.

Kundi hili nalo hukosea pale linapomsafisha mlevi kabisa. Kuna tofauti kati ya kifo cha msongamano na jiwe linalorushwa. Msongamano ni kosa la mwenye mlango karibu kila mara, jiwe lina mkono. Kati ya watu elfu waliokasirishwa na penalti iliyonyimwa, mia tisa na zaidi hupiga kelele tu. Anayeokota jiwe kwanza mara nyingi ndiye ambaye breki zake zimelegea, na wa pili humfuata wa kwanza. Hapo pombe ina kazi yake: haileti hasira, inaongeza uwezekano wa mtu wa kwanza kupatikana. Kisha klabu hulipa, kwani kanuni za soka humpa mwenyeji dhamana ya mashabiki wake, iwe kwa faini au kwa kuchezea mbali na nyumbani. Kwa klabu inayoishi kwa viingilio vya Gusii, kuhamishwa mechi moja ni adhabu ya mwezi mzima.

Bia inayolipa mishahara

Hapa pana unafiki wa Kikenya ambao haufai kupitwa kimya, ingawa haustahili kurasa nyingi. Ligi kuu iliwahi kuitwa Tusker Premier League, na klabu ya kampuni inayotengeneza bia hiyo ni miongoni mwa zilizotwaa ubingwa mara nyingi. Raga ya wachezaji saba jijini Nairobi ilijengwa kwa jina la bia na sherehe za bia. Mike Okoth, baba yake mshambuliaji Divock Origi, alipitia Shabana kisha Kenya Breweries kabla ya kwenda Ubelgiji, na njia hiyo ilikuwa ya kawaida: kipaji kutoka mkoani, mshahara kutoka kiwandani. Anayetaka kuing'oa bia viwanjani aseme pia nani atalipa. Kampuni za kamari zilijaribu kuziba pengo, na baadhi ziliwahi kuondoka zilipobanwa kodi. Marufuku kamili ina bei, na bei hiyo hailipwi na anayeipendekeza.

Keroka na mizani

Tukipima, kila upande umeshika kipande. Wa marufuku wanajua kinachomtoa mtu wa kwanza, wa lango wanajua kinachoua, na kriketi inatufundisha saa. Swali la Kisii na Nyamira ni wapi shilingi moja ya juhudi itanunua utulivu mwingi zaidi, na jibu langu ni kwenye saa, kabla ya chupa.

Marufuku ya kaunti moja siku ya mechi ina tatizo la jiografia. Keroka ni mji uliokaa juu ya mpaka, upande mmoja Kisii, upande mwingine Nyamira, na kaunti hizo zimewahi kugombania hata ada za wafanyabiashara wake. Kisii ikifunga baa Jumapili ya mechi, mteja wa Keroka anavuka barabara. Kaunti zote mbili zikifunga, chang'aa inafurahi. Sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa itengenezwe kwa viwango na kuuzwa wazi, lakini ile inayopikwa gizani haikuacha kupikwa, na anayelazimishwa kuihama bia atakuja uwanjani akiwa na kitu kikali zaidi tumboni, hata kama amekunywa kidogo.

Badala yake, mechi ianze saa nane kamili, dakika ileile baa inapofunguliwa. Anayetaka vyote viwili atalazimika kuchagua, na anayechagua mpira atakuwa hajapata muda wa kunywa kihalali. Dakika ya themanini itaangukia saa tisa na dakika arobaini, kabla ya kilele cha chupa nyingi za siku hiyo, na kwa bahati nzuri kabla ya mvua nyingi za alasiri ambazo nyanda za Gusii huzijua vizuri. Siku nayo ina uzito. Eneo hili lina Waadventista wengi mno, Nyanchwa ikiwa mlango wa pili kutoka mjini, na Jumamosi ni Sabato yao. Mechi ya Jumamosi huwaacha nje maelfu ya watu ambao kwa imani yao hawanywi kabisa, yaani inauchuja umati kwa upande usiofaa. Jumapili inawarudisha, pamoja na wake na watoto wao, na jukwaa lenye familia hurusha mawe machache.

Pingamizi zipo. Wakatoliki na wengine hutoka kanisani karibu na saa saba, na saa moja haiwatoshi kula na kufika. Baadhi watakosa mwanzo, na hasara hiyo haifichiki. Mwenye kamera za televisheni ana ratiba yake, na ligi huifuata kwa sababu ndiye mwenye fedha. Klabu moja ikiomba peke yake itaambiwa ingoje. Pingamizi kali kuliko zote ni kwamba walevi watakuja kipindi cha pili, wamekunywa saa nzima, na watakuta malango yamelegezwa kama ilivyo desturi. Hilo lisipotazamwa, tutakuwa tumeihamisha Nyayo hadi Kisii. Dawa yake ni kutouza tiketi baada ya mapumziko na kuliacha lango na watu walewale wa mwanzo hadi filimbi ya mwisho, na kuwahamisha wasimamizi wengine kutoka nje kuja kwenye kingo za majukwaa ifikapo dakika ya sabini. Kipaza sauti nacho kifanye kazi zaidi ya kusoma matangazo ya wafadhili. Penalti ikikataliwa, sauti ya Ekegusii inayoeleza sababu ndani ya dakika moja huondoa nusu ya yule wa kulaumiwa ambaye Kolkata ilimpata ikawasha viti.

Kaunti mbili zikikaa meza moja kabla ya ratiba ya msimu kutoka, saa na siku ni mambo ya asubuhi moja. Litakalochukua muda ni nani analipa wasimamizi wa lango la ziada na kipaza sauti kinachosikika hadi nyuma. Kufunga baa hakuigharimu kaunti kitu zaidi ya barua ya ukurasa mmoja, na hasara inabaki kwa mwenye baa. Lango lina bei inayoonekana kwenye bajeti, na lazima mwakilishi wa wadi ainuke bungeni kuitetea mbele ya wenzake wanaodai barabara. Ndiyo maana, vurugu zijazo zikitokea, barua itaandikwa kwanza.